Baba Yake ni Mwana wa Nani?

Swali lilitufikia kwa simu, asubuhi ya Ijumaa. Sisi huku Massachusetts tulikuwa tunakunywa chai. Kwao Tanga watu walikwisha toka msikitini. Aliyepiga ni kaka yangu, ambaye ndiye aliyeshika mambo ya posa ya binti yetu kwa upande wa kwetu. Majina nitayaacha, kwa kuwa wenyewe wako hai na wengine ni wasomaji wa gazeti hili.

Hadi siku hiyo posa ilikuwa ikienda vizuri. Kijana tunamfahamu, alikuwa akisoma Boston, anaswali, ana adabu kwa wakubwa. Wazazi wake walikwisha ridhia. Alibaki babu yake mzaa baba, mzee wa heshima pale mjini, ambaye sandukuni mwake ametunza shajara ya ukoo wao iliyoandikwa kwa khati nzuri ya Kiarabu, majina yakipanda baba kwa baba hadi Hadhramaut.

"Dada," kaka aliniambia, "mzee hana ubaya. Kasema: mama wa binti namjua kwao, na bibi yake namjua. Lakini baba yake ni mwana wa nani?"

Simu ilikuwa mezani, sauti ikisikika chumba kizima. Mume wangu ni Mmarekani, mzungu, aliyesilimu miaka miwili kabla ya akdi yetu. Aliweka kikombe chini, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha polepole: "Anataka karatasi?" Nikamjibu kwamba nadhani anataka karatasi.

Wako wasomaji watakaosema kwamba mzee hakuwa na haki ya kuuliza. Nami nilisema hivyo hivyo, tena kwa hasira. Katika madhehebu yetu ya Shafii kufu huangaliwa kwa mume. Ni haki ya mke na walii wake. Sijui mahali ambapo mke ametakiwa alete vizazi vyake vikaguliwe na ukoo wa mume. Nilitaka kaka akamweleze mzee hayo. Mume wangu akakataa. Kumbe naye alikuwa na lake la siku nyingi.

Siku ya akdi yetu, miaka 26 iliyopita, mwandishi wa cheti alimuuliza jina la baba yake. Akalitaja: jina la Kiingereza, refu, gumu kwa kalamu ya mwandishi. Mwandishi akatabasamu, akaandika "bin Abdullah". Alifanya hivyo kwa nia njema. Ndiyo desturi ya wengi kwa waliosilimu, na hakika kila mtu ni mja wa Mwenyezi Mungu. Lakini baba mkwe wangu hakuitwa Abdullah. Alikuwa hai, tena alikuwa amekaa hatua chache kutoka pale, amevaa kofia ya viua ya kuazima, akijitahidi kukunja miguu mkekani kama wenzake. Mume wangu hakusema neno, kwa kuwa alikuwa mgeni. Baadaye, alipokuwa akijifunza dini yake, alifika kwenye aya ya tano ya Suratul Ahzaab, akakuta kwamba watu wanatakiwa waitwe kwa baba zao. Akasoma pia jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomkemea mtu anayejinasibisha na asiyekuwa baba yake hali anajua. Cheti kilibaki kama kilivyo. Baba mkwe alifariki, na cheti kikabaki kama kilivyo.

"Safari hii," aliniambia, "nitaandika baba yangu."

Mama mkwe wangu si Mwislamu. Anakaa mwendo wa saa moja kutoka kwetu, na tangu nilipoingia katika nyumba yake hajapata kunipikia kitu kisichonifaa. Aliposikia kwamba kule Tanga kuna mzee anauliza habari za ukoo wa mumewe alifurahi kama aliyepewa zawadi. Wiki hiyo hiyo alikuja na kitabu chenye jalada jekundu, kilichochapwa na jamaa mmoja wa ukoo mwishoni mwa karne ya 19. Ukurasa wa kwanza una nembo ya simba na upanga. Kitabu kinaeleza kwamba ndugu watatu walivuka bahari kutoka Uingereza, mmoja akakaa Massachusetts, wa pili akaenda kusini, wa tatu asijulikane alikoishia; na kwamba baba zao walikuwa wapanda farasi wa mfalme, wenye ngome na mashamba.

Sitaki kujitakasa mbele ya wasomaji. Nilipoiona nembo ile moyo wangu ulitulia. Nilijiona tayari nikiipeleka Tanga nakala ya rangi, mzee avae miwani yake aangalie vizuri.

Mume wangu, ambaye kazi yake ni ya kukagua hesabu za watu, hakuridhika. Alikwenda Boston, kwenye chama cha nasaba cha New England kilichoanzishwa mwaka 1845, nami nikafuatana naye. Mama mmoja wa maktaba alifungua kitabu chetu, akaiona nembo, akaguna. Alitueleza kwa upole kwamba kwa Waingereza nembo hupewa mtu na kizazi chake. Haiwi mali ya kila mwenye jina linalofanana na lake. Na kuhusu ndugu watatu, alisema kwamba kila wiki analetewa ndugu watatu.

Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana nami nina wa kwetu. Upande wa baba yangu tunajiita Washirazi, na tangu utoto nimesikia hadithi ya Kilwa ya sultani aliyetoka Shiraz na wanawe sita katika majahazi saba, kila jahazi likatia nanga mji wake. Inaonekana kila pwani duniani ina ndugu zake waliokuja kwa chombo, nao huwa hawapungui watatu.

Mama yule alitusimulia pia habari za Gustave Anjou, mzaliwa wa Sweden aliyekaa New York mwanzoni mwa karne ya 20, akiwauzia matajiri wa Kimarekani nasaba za kughushi. Alichukua wasia za kweli akazichanganya na za kubuni, majina ya watu waliokuwapo akayaunga na ya wasiokuwapo, na hata leo karatasi zake zinawapoteza watu. Kitabu chetu hakikuwa kazi ya Anjou. Lakini yule jamaa aliyekiandika alikuwa na kiu ile ile ambayo Anjou aliifanyia biashara, na ambayo nami nilikuwa nayo pale nilipoiona nembo.

Basi tukaanza upya. Kanuni tuliyopewa ni nyepesi kuisema: anza na wewe mwenyewe, rudi nyuma baba mmoja kwa wakati mmoja, wala usivuke kwenda kwa babu kabla hujamthibitisha baba kwa maandishi. Kuitekeleza kulichukua majira yote ya baridi. Kila Jumamosi baada ya Alfajiri mume wangu alikaa mezani na karatasi zake, theluji ikianguka nje.

Vizazi vya karibu vilikuwa rahisi, kwa sababu jimbo la Massachusetts limeandikisha vizazi, ndoa na vifo tangu mwaka 1841. Sensa ya Marekani nayo ilisaidia, ingawa ina mapengo yake. Ilianza mwaka 1790, lakini hadi 1840 aliyeandikwa kwa jina ni mkuu wa nyumba peke yake. Mkewe na watoto walihesabiwa kwa idadi tu. Kuanzia 1850 ndipo kila mtu aliye huru akaandikwa kwa jina lake. Nawaomba wasomaji walishike neno hilo, aliye huru. Sensa ya 1890 karibu yote imepotea kwa sababu ya moto wa mwaka 1921 mjini Washington.

Nyuma ya hapo ni madaftari ya miji, yaliyoandikwa na makarani wa mji kwa wino uliofifia. Humo majina yanajirudia mpaka kichwa kinauma. Babu, baba na mwana wanaitwa jina moja; mtoto akifa, anayezaliwa baada yake hupewa jina lile lile. Na ukikuta mtu ameandikwa "mdogo" usidhani ni mwana wa yule "mkubwa", maana huenda ni mpwa wake, au si jamaa yake kabisa, ila wote wawili wanakaa mji mmoja na karani anataka kuwatofautisha. Mume wangu alipotea njia mara mbili kwa ajili ya neno hilo, akafuta wiki tatu za kazi.

Kalenda nayo ilitupa kicheko. Mama mkwe alikuta wazee wake wawili wameoana Aprili 1641 na mtoto wao amebatizwa Februari 1641, akashika mdomo. Ilibidi tumweleze kwamba Waingereza hadi mwaka 1752 walikuwa wakiuanza mwaka mpya tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari ile ilikuja baada ya Aprili, na heshima ya bibi haikuguswa. Kwetu sisi tuliokua na kalenda mbili ukutani, moja ya kulipia kodi ya nyumba na moja ya kufungia Ramadhani, jambo hilo halikuwa gumu kulielewa.

Lililonihuzunisha ni akina mama. Katika vizazi vile kumi na viwili wako wanawake wanne ambao hatukuwapata baba zao. Mwanamke wa Kiingereza akiolewa alivua jina la baba yake akavaa la mume, na kama karani hakuliandika siku ya ndoa, limekwisha. Mke wa mzee wa kwanza kabisa anajulikana kwa jina moja tu, la kubatizwa. Alizaa watoto tisa, akazika wanne, na hatujui alikuwa binti wa nani. Mimi nimeolewa na mtu wa huku na bado ni binti wa baba yangu katika kila karatasi. Nilikuwa naiona ni desturi tu, wala sikuwahi kuishukuru.

Mzee wa kwanza tulimfikia mwishoni mwa Rajabu. Ameandikwa katika daftari la bandari ya London la mwaka 1635, ambalo kwa bahati limesalia na lilichapwa kitabuni tangu 1874. Wakati ule haikuruhusiwa mtu kupanda merikebu hivi hivi. Ilimpasa aape utii kwa mfalme na aonyeshe hati ya kasisi wake kwamba anafuata kanisa la serikali. Wengi walikwenda kwa sababu hawakulipenda kanisa hilo, lakini hati walionyesha. Katika miaka ile kumi kuanzia 1630 watu wapatao elfu ishirini walihamia New England. Wetu ameandikwa ana umri wa miaka 22. Kazi yake ni fundi wa mapipa. Katika orodha ile hana ndugu, si watatu wala mmoja.

Alishukia pwani akaenda kukaa Ipswich, katika kaunti ya Essex. Ardhi ya mji huo ilikuwa ya wenyeji wa Agawam, ambao maradhi yalikwisha wamaliza sehemu kubwa hata kabla Waingereza hawajawa wengi. Mwaka 1638 mkuu wao, Masconomet, aliitia sahihi kuiuza kwa pauni 20.

Ng'ambo ya bahari tulikwama. Makanisa ya Uingereza yaliamriwa tangu 1538 kuandika ubatizo, ndoa na mazishi, na mengi ya madaftari hayo yapo. Tulimpata mtoto mwenye jina la mzee wetu amebatizwa mwaka unaolingana na umri wake. Kisha tukampata mwingine, mwaka huo huo, parokia ya jirani. Hakuna kinachoonyesha yupi ndiye. Watafiti waliofanya kazi kubwa ya kuwachunguza wahamiaji hao mmoja mmoja, kazi iliyoanzishwa na Robert Charles Anderson mwaka 1988, wana tabia nzuri: pasipothibitika asili ya mtu, wanaandika kwamba haijulikani, wanapita. Mume wangu naye akachora mstari chini ya jina la fundi wa mapipa. Mpanda farasi, ngome na simba mwenye upanga vikabaki juu ya mstari, peke yao. Mama mkwe alisikitika kidogo. Alisema mapipa si haba, watu wote wanahitaji mapipa.

Nilidhani kazi imekwisha. Mume wangu akasema bado anataka kusoma orodha za mirathi.

Kwa hawa Waingereza wa zamani, mtu alipofariki majirani wawili watatu waliingia nyumbani mwake, wakaandika kila kitu alichoacha na thamani yake, kisha mahakama ikagawa. (Mwana wa kwanza wa kiume alipewa fungu mara mbili ya wenzake, sisi tunaolaumiwa kila siku kwa mirathi yetu tusisahau hilo.) Orodha hizi za kaunti ya Essex zimehifadhiwa vizuri, na ni tamu kuzisoma. Unaingia mpaka jikoni mwa marehemu: vyungu viwili vya chuma, sahani za bati, blanketi kuukuu, misumeno ya fundi. Fundi wa mapipa aliacha kidogo. Mwanawe, aliyefariki miaka ya 1690, aliacha kingi, kwa kuwa alikwisha ingia katika biashara ya samaki na mbao na visiwa vya huko kusini.

Ilikuwa Jumamosi. Mume wangu alikuwa akisoma kwa sauti, nami nikichambua mchele. Maksai jozi moja, pauni kadhaa. Godoro la manyoya na mito yake, pauni kadhaa. Kati ya maksai na godoro akanyamaza. Nikamwambia soma. Hakusoma. Nikainuka, nikaangalia mwenyewe. Mtu mmoja mweusi, pauni 25.

Hana jina. Nilitafuta juu na chini, nikidhani labda limeandikwa pembeni.

Nilikuwa sijui kwamba huku kaskazini nako walikuwako. Nilizoea kusikia habari za mashamba ya pamba ya kusini. Lakini merikebu iitwayo Desire ilileta Waafrika Massachusetts mwaka 1638, na sheria ya koloni ya 1641 iliruhusu utumwa kwa maandishi. Haukuvunjika ila baada ya hukumu za mahakama za mwaka 1783. Mume wangu alizijua tarehe hizo tangu shuleni. Alichokuwa hajakijua ni kwamba zilikuwa nyumbani kwao. Aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba Masconomet alipewa pauni 20 kwa mji mzima.

Hapo ndipo mimi nilipofanya jambo ambalo sijivunii. Nilimwambia akatishe pale pale. Nilisema mzee wa Tanga ameuliza majina ya baba, hakuuliza orodha ya vyungu. Ampelekee majina kumi na mawili yaliyothibiti, basi. Binti yetu ni mweusi kama mimi. Posa ya watu haisimamishwi na mtu aliyekufa miaka mia tatu iliyopita. Kaka yangu aliposikia alikubaliana nami, tena kwa ukali: "Shemeji mwambie aache. Mtaharibu jambo la heri kwa mikono yenu."

Mume wangu hakubishana. Aliniuliza tu kama upande wetu hakuna.

Nilimpigia simu mama yangu mkubwa, aliyeko Pangani. Mama mkubwa ni mzee sana sasa, lakini akili yake ni ile ile. Nilimuuliza habari za bibi mzaa babu yake, ambaye katika simulizi zetu zote anapitwa haraka. Tunamtaja mumewe, mwenye shamba la miwa kando ya mto, tunawataja baba za mumewe mpaka tunachoka. Yeye tunasema "mkewe", tunaendelea.

"Hayo ya nini, mwanangu?" aliniuliza. Nikamwambia ni kwa ajili ya posa. Alikaa kimya kwa muda, nikasikia jogoo wa jirani akiwika. Kisha akasema, "Hakuwa mkewe. Alikuwa suria."

Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa. Mtoto wa suria kwa bwana wake ni huru, anarithi, anachukua nasaba ya baba yake kamili. Na kwa hiyo ukoo unakwenda mbele bila doa, na mama anapotea ndani ya neno "mkewe". Mama mkubwa alinieleza kwamba yule bibi aliletwa kutoka bara na msafara akiwa mtoto mdogo. Jina aliloitwa alipewa Pangani. La kwao alilisahau, na la baba yake hakulijua kabisa. Alipofariki alivishwa sanda ya merikani, na aliposomewa talakini aliitwa binti Hawaa, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyemjua mama yake. Najua wako ndugu wasiosoma talakini, nami siandiki hapa kuwajadili. Ninasema tu kwamba hivyo ndivyo alivyoitwa siku yake ya mwisho juu ya ardhi, na mama mkubwa alihadithiwa na aliyekuwapo kaburini.

Niliposikia "merikani" nilikaa kitako. Nguo ile imeitwa hivyo kwa sababu ililetwa na Wamarekani, na Wamarekani walioleta walikuwa zaidi watu wa Salem, mwendo wa kilomita ishirini hivi kutoka Ipswich. Tangu miaka ya 1830 merikebu zao zilitia nanga Unguja, na balozi wa kwanza wa Marekani huko, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mfanyabiashara wa Salem. Walileta mabunda ya nguo iliyofumwa katika viwanda vya New England kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini. Walichukua pembe za ndovu na sandarusi. Misafara iliyotoka Pangani kwenda bara ilibeba merikani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani. Siwezi kusema kwamba bibi yule alinunuliwa kwa doti za nguo ya Salem. Hakuna daftari. Ninachojua ni kwamba alizikwa nayo.

Usiku ule tulikaa watatu, binti yetu akiwa katikati, karatasi zote mezani. Nilimsimulia yote mawili. Nilitarajia alie, au akasirike na baba yake, au na mimi. Yeye aliuliza jambo moja la kawaida kabisa: wakilijua baada ya nikah, itakuwaje? Hilo sikuwa na jibu lake. Sote tunajua hukumu ya anayeuza kitu akaficha kasoro yake, na ingawa binti si kitu cha kuuzwa, na wale waliokufa si kasoro yake, kuficha ni kuficha.

Karatasi iliyokwenda Tanga ilikuwa na kurasa mbili. Ya kwanza ya mume wangu: majina kumi na mawili ya baba, na penye shaka ameandika pana shaka. Juu ya fundi wa mapipa ameandika kwamba asili yake Uingereza haikuthibiti. Kando ya kizazi cha pili ameandika kwamba katika mali yake alikuwamo mtu mmoja mweusi, jina halikuandikwa. Aliongeza kwamba daftari la vifo la mji, miaka kama ishirini baadaye, linataja mtumishi mweusi wa nyumba ile ile, naye pia bila jina, na kwamba huenda ni yeye. Ukurasa wa pili ni wangu. Nilimwandika bibi wa Pangani kwa jina alilopewa, na mahali pa baba nikapaacha wazi.

Wiki tatu hatukusikia neno. Nilikuwa nikiamka usiku kuangalia simu. Ramadhani ikaingia, tukafunga hivyo hivyo, mimi na binti yangu tukipika futari bila kutazamana sana.

Siku ya kumi na mbili ya mfungo kaka alipiga. Alikuwa nyumbani kwa mzee, akamsomea kurasa zote mbili tena, kwa kuwa macho ya mzee yamepungua nguvu na mara ya kwanza alisomewa na mjukuu aliyekuwa akirukaruka mistari. Kaka alisema mzee alisikiliza hadi mwisho, tasbihi mkononi. Ukurasa wangu hakuusemea lolote, ila alisema kwamba mama mkubwa wangu anamjua na amsalimie. Kuhusu simba na upanga, ambavyo mama mkwe alisisitiza vitajwe walau kwamba vilikataliwa, alicheka. Kisha akauliza: "Na yule mtu wa pauni 25, alizaa?"

Mume wangu alikuwa amesoma orodha ile mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai. Hakuwahi kujiuliza swali hilo. Wala mimi. Mzee alituma ujumbe kwamba kama mtu yule alizaa, basi ana watu, na watu wake huenda wanamtafuta kama sisi tulivyowatafuta wa kwetu, atafutwe. Tangu hapo Jumamosi zimerudi. Mume wangu anasoma madaftari ya makanisa ya Ipswich na miji ya jirani, safari hii akitafuta ubatizo na ndoa za wale walioandikwa kwa rangi badala ya jina la baba. Ni kazi ya polepole, na kila anachokipata anakipeleka kwenye maktaba ya Boston ili wengine wakikute.

Akdi ilifungwa Tanga mwezi wa Shawwal. Mama mkwe alikuja, amejifunga leso ambayo mama mkubwa alimletea kutoka Pangani, na hao wawili walikaa pamoja siku nzima bila lugha. Mwandishi wa cheti alikuwa kijana, si yule wa zamani. Alipofika kwa walii aliuliza jina, kisha jina la baba. Mume wangu alilitamka polepole, jina la Kiingereza, refu, la mtu aliyepata kukaa kwenye mkeka kama ule na kofia ya kuazima. Kijana aliandika, akageuza daftari ili lihakikiwe. Alikuwa amekosea herufi moja. Mume wangu alimwomba aisahihishe, naye akaisahihisha.